Siku Sauti ya Scola Ilipomtaja Nshoma

"Mpelekeni Zita Kabanga," sauti ilisema. "Nyumba hii ya Nshoma imechoka, na mimi nimechoka. Happyness atamlea."

Nilikuwa uani napeta maharage. Ungo ukabaki juu mikononi mwangu, makapi yakakosa wa kuyapuliza. Ilikuwa sauti ya Scola, mke wa mwanangu Methusela, ile sauti nyembamba iliyokuwa ikiongoza kwaya ya kanisani kwetu Nemba, inayopanda kidogo mwishoni mwa neno kama mtu anayekusaidia kunyanyua mzigo. Ilipita dirishani ikanifikia bila kukatika hata neno moja. Lakini nilishindwa kuiamini, kwa sababu Scola hawezi kumtaja Nshoma.

Sisemi habari za ulimi. Ulimi wake ulikuwa umeshalala siku nyingi, pamoja na mwili wake wote, na nitaeleza. Nasema habari za adabu. Nshoma alikuwa mume wangu, baba yake Methusela. Scola ni Mhangaza wa Ngara, na kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Sisi Wasukuma tuliohamia Biharamulo na ng'ombe wetu tunazo heshima zetu za wakwe, ila Scola alituzidi. Siku ya kwanza kumpeleka mtoto kliniki, nesi aliuliza jina kamili. Scola akasema, "Zita Methusela," kisha akanisogezea kadi. "Mama, malizia wewe." Nesi alicheka mpaka akashika meza. Na mzee alipofariki, katekista alimwomba Scola asome majina ya marehemu kwenye ibada, maana ndiye aliyekuwa na sauti. Akayasoma yote vizuri. Alipofika kwa mzee akainama, akasema, "Na yule aliyenipa nyumba." Watu walilia pale kuliko walivyolia makaburini.

Kiharusi kilimkuta Scola kisimani, ndoo ikiwa haijajaa. Zita alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea akishika ukuta. Hospitali waliuokoa uhai wake, Mungu awabariki, lakini alirudi nyumbani na macho tu. Akili ilikuwa yote, kumbukumbu zote, hasira na utani wake wote, vimefungiwa ndani. Tulijifunza kuzungumza naye hivyo hivyo: macho juu ni ndiyo, macho chini ni hapana. Methusela alimgeuza kitandani asubuhi na jioni asipate vidonda. Mwanangu ana mikono ya jembe, migumu kama magome, na sijawahi kuona mikono ikishika kitu kwa upole namna ile.

Kisha wakaja watu wa mradi wa utafiti, na katika hao aliyebaki kuwa wetu ni Gozbert, kijana wa Bukoba, fundi wa mashine waliyomletea Scola. Sakafu yetu ni ya udongo, lakini alivua viatu mlangoni. "Shikamoo, Bibi." Nikamwitikia marahaba, na kuanzia hapo nikamhesabu mtu wa nyumbani.

Mashine ilikuwa kofia nyepesi, ndogo kama ya kumvika mtoto mchanga, na ndani ina vidude vya chuma vinavyosikiliza kichwa. Kichwa kikiwaza, kofia inapeleka habari kwenye kishikwambi kilichowekwa kando ya kitanda. Kishikwambi kinatoa maneno, Scola anayachagua kwa kuwaza, moja moja, kisha kinayasema. Gozbert aliingiza humo majina yetu yote ili Scola asihangaike nayo. Akaingiza na Nshoma. Scola hakulichagua hata siku moja. Lilikuwa linamjia pale mbele, jepesi, na yeye anazunguka njia ndefu, akichoka na kupumzika, mpaka anamaliza: "Mume wako, Mama." Hata ndani ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna anayemwona, alikuwa na adabu.

Na sauti tuliipata kwa Happyness. Huyo ni binti yangu wa kwanza, dada yake Methusela. Anaishi Kabanga, mpakani, anauza vitenge kwa wanaovuka kutoka Burundi. Yeye na wifi yake walikuwa wanatumiana sauti kwenye simu kila siku kabla ya ugonjwa, umbea, nyimbo, mapishi, vicheko. Happyness hakufuta hata moja. Gozbert alizichukua zile sauti akaifundisha mashine kuzungumza kama Scola. Siku ilipozungumza mara ya kwanza, Happyness alikuwepo, akatoka nje akakaa chini kwenye mchanga na kitenge chake kipya.

Gozbert alituonya. Alisema simu ya mtu mmoja inaweza kuunganishwa na ile mashine, naye ataitwa msaidizi. Scola akichoka katikati ya sentensi, msaidizi anaweza kumchagulia maneno yaliyobaki, na mashine haitofautishi yametoka kwa nani. "Iwe simu ya Methusela peke yake," alisema. "Na namba ya siri asiijue mtu mwingine. Hiki ni kichwa cha mtu, Bibi, si redio."

Tulimwelewa vizuri kabisa. Lakini kwetu mgonjwa hafichwi. Mtu akitembea kutoka mbali kuja kumjulia hali, unamwambiaje kwamba haruhusiwi kumsikia? Wengine walimkuta amelala wakarudi na huzuni. Wengine hawakuwa na nauli ya kuja tena. Scola mwenyewe ndiye aliyesema, "Wapeni namba. Nimekaa kimya mno." Namba yenyewe ilikuwa mwaka aliozaliwa Zita, na kwaya nzima ilikuwepo kwenye ubatizo, kwa hiyo wengi hawakusubiri kupewa. Wakawa wanamsikia wakiwa shambani, wakiwa dukani, wakiwa Ngara. Kila mtu akawa msaidizi.

Tena simu zile zilionyesha mstari. Ukiwa wa kijani, Scola ametulia. Ukiwa wa njano, amechoka. Ukiwa mwekundu, moyo unamwenda mbio. Tulichekea sana ule mstari. Bartholomayo, mwalimu wa kwaya, alikuja siku moja akamwimbia wimbo mrefu, na ubeti wa pili haujaisha mstari ukawa wa njano. Jirani yetu Leonsia akainua simu yake. "Mwalimu, hurumia basi, hata huku kwangu umegeuka." Wiki iliyofuata Leonsia mwenyewe aliingia na chupa ya maziwa, mstari ukawa mwekundu, na kicheko chote kikamwisha.

"Kumbe ananichukia! Na maziwa yangu yote haya?"

"Labda umemshtua tu," nikamwambia.

"Moyo haudanganyi, Mama Methusela. Umeandikwa hapa."

Alinuna. Lakini alichukua shuka za Scola akaenda kuzifua akiwa vile vile amenuna, akazisugua kwa nguvu, akazianika, na mimi nikampenda kuliko zamani. Wakati ule niliona ni mambo ya kuchekesha. Sikufikiri kwamba mtu anayelala bila uwezo wa kugeuka alikuwa amebakiwa na chumba kimoja tu cha kujifichia, na tumekiondoa mlango.

Basi siku ile ya maharage niliweka ungo chini, nikaingia. Methusela alikuwa tayari amefungua mfuko, anakunja nguo za Zita. Alikuwa anazikunja vibaya, gauni juu ya gauni, kama mtu anayefunga mizigo akikimbia maji. Zita alikaa juu ya gunia akimwangalia.

"Bibi, kwa shangazi kuna kuku?"

"Wapo. Kaa hapo hapo kwanza." Kisha nikamwambia mwanangu, "Weka chini huo mfuko."

"Mama, mimi sipendi. Amesema mwenyewe. Hata jana jioni alisema mtoto anamchosha. Na dada anaondoka na basi la leo."

Happyness alikuwa amefika jana yake, na sabuni, na sukari, na gauni jipya la Zita. Alikuwa amekaa nje ukutani akisubiri. Binti yangu hakujaliwa mtoto. Hajawahi kunilalamikia. Ila dukani kwake, katikati ya vitenge, kulikuwa na nguo ndogo ndogo alizosema ni za kuuza, na wateja wakiziuliza anawaambia zimeshachukuliwa.

"Nani amesema?" nikamuuliza Methusela.

"Kichwa chake. Hii mashine inasoma kichwa."

"Kichwa chake hakimtaji baba yako."

Mikono yake ikasimama juu ya mfuko. Aliniangalia kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama ameumia au hakuumia.

Nilikwenda kitandani. Tangu kofia ije, tulikuwa tumezoea kukiangalia kishikwambi, kama watu wanavyokiangalia kinywa cha mzungumzaji. Siku ile nilimwangalia Scola. Macho yalikuwa wazi kupita kiasi, na machozi yalikuwa yanateremka pembeni yakiingia masikioni, na hakuna aliyekuwa amemfuta. Nikamfuta kwa ncha ya khanga. Nikamvua kofia taratibu, nikaiweka mapajani mwangu, kisha nikamuuliza, "Mwanangu, unataka Zita aende Kabanga?"

Kabla hajasogeza macho, kishikwambi kikazungumza.

"Mama, usijisumbue. Nina amani. Mwacheni aende."

Ile sauti tamu. Na kofia ilikuwa mapajani mwangu, tupu.

Methusela aliiangalia kofia. Mimi niliiangalia kofia. Nadhani hata Zita alielewa kitu, kwa sababu alishuka kwenye gunia akaja kushika nguo yangu. Nikarudia swali langu kwa sauti ya chini, kama hakuna kilichotokea. Macho ya Scola yakaenda chini. Yakakaa huko huko chini muda mrefu hadi nikaogopa kwamba hayatapanda tena.

Methusela akatoka. Nilisikia hatua zake, kisha nikamsikia akisema, "Dada, nipe hiyo simu."

"Simu gani?"

"Hiyo unayoificha chini ya kitenge."

Halafu nikamsikia binti yangu analia, na kile kilio nilikijua tangu akiwa mdogo. Ni kilio cha mtu aliyekamatwa na ambaye bado anaamini ana haki.

Nilimwita ndani. Nilisema, njoo useme mbele yake. Akaja akasimama miguuni mwa kitanda.

"Nilisema kile anachoogopa kukisema, Mama."

"Ulikijuaje?"

"Naona! Kila jioni Zita akipanda hapa kitandani mstari unakuwa mwekundu. Kila jioni. Nikiwa kule Kabanga nafunga duka, naangalia, unakuwa mwekundu. Mtoto anamuumiza, na ninyi hamwoni. Wewe umezeeka, Methusela yuko shambani. Nilisema nimpumzishe." Akajifuta uso. "Nilimpenda, Mama. Nawapenda wote wawili."

"Ukamtaja na baba yako kwa kinywa cha mkwe wake?"

Hapo ndipo alipofunga macho. Alikuwa binti wa nyumba, alizoea kulisema jina lile akitaka, na simu ilimletea, naye akaligusa. Hakukumbuka kwamba anazungumza kama mtu mwingine.

Methusela alizima simu ya dada yake, akazima na ya kwake. Nikamvika Scola kofia. Tulimpa maji kidogo kwa pamba, tukangoja. Zita hakungoja. Alipanda kitandani kama alivyozoea, akaweka shavu kifuani kwa mama yake, akaanza kumweleza habari za kuku wa Kabanga. Na kweli, mstari kwenye kishikwambi ukapanda ukawa mwekundu kama jiko.

"Mmeona?" Happyness akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Maneno yakaanza kuja, moja, halafu kimya, halafu jingine. Tulikuwa tunamsaidiaga kumalizia. Siku ile hakuna aliyethubutu.

"Wifi. Hapo. Ndipo. Ninapoishi."

Mashine ilikuwa inajua kwamba moyo unakwenda mbio. Haikujua unakimbilia wapi. Na sisi tuliokuwa tunaangalia rangi hatukuuliza.

Baadaye, alipopumzika, Scola alituambia jambo ambalo huwa linanirudia nikiwa peke yangu. Alisema, "Nilikuwa napiga kelele, na sauti yangu inazungumza mambo mengine."

Methusela alitaka dada yake aondoke saa ile ile, na sikumzuia. Nilimsindikiza Happyness hadi barabarani nikimbebea mfuko. Alikuwa amefanya jambo baya, baya kuliko alivyoelewa, na alikuwa mwanangu, na mambo hayo mawili yalitembea pamoja nasi bila kugombana. Nilikuwa nimemfungia matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, ambavyo huko Kabanga havipatikani vizuri. Basi lilipoonekana akanishika mkono.

"Mama, na wewe unanichukia?"

"Utakula njiani," nikamwambia, nikampa kifurushi.

Gozbert alikuja siku chache baadaye. Alikaa na kishikwambi chini ya mwanga wa dirisha, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa. Hakutugombeza. Tungependa angetugombeza.

"Simu zimejaa humu kama kuku bandani," alisema. "Hii?"

"Ya Leonsia."

"Hii?"

"Ya mwalimu wa kwaya."

Akaendelea kuuliza, Methusela akaendelea kujibu, mpaka alipofika kwa nyingine Methusela akanyamaza. Na nyingine. Na nyingine tena.

"Hizi ni za watu tusiowajua, Bibi. Hatutajua waliona nini wala walimsemea nini." Alitoa miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Lazima niwaambie wakubwa wa mradi. Wanaweza kusema tuichukue mashine. Lakini sitawaandikia kitu kabla sijamuuliza mwenyewe."

Akasogea kitandani, akapiga goti ili uso wake uwe sawa na wa Scola. Sijasahau lile goti. Wageni wengi wenye elimu waliozungumza na Scola walikuwa wanamwangalia kutoka juu.

"Dada Scola, tuiondoe?"

Ilimchukua muda kujibu. "Mkiiondoa mtakuwa mmenifunga mara ya pili. Wekeni mlango. Na ufunguo nikae nao mimi."

Gozbert akafuta simu zote, hata ya Methusela. Kisha akaeleza alichotaka kufanya. Scola achague kitu kimoja cha kuwaza, chochote, sura au wimbo au harufu, akiwaze tena na tena mpaka mashine ijifunze alama yake. Tangu hapo asipokiwaza, mashine haifunguki. Na akimwalika mtu asikilize, ni mpaka akiwaze tena.

"Wewe utakijua?" Methusela akamuuliza.

"Hapana. Hata mashine haikijui. Inajua kichwa kinavyochezacheza tu kikifika hapo. Ni kama wewe, Bibi, unavyomjua mtu kwa kishindo cha miguu kabla hujamwona."

Scola alifumba macho. Tulikaa pale chumbani, Zita amelala miguuni, kuku wakiparura nje, na yeye akaenda peke yake mahali fulani, akarudi, akaenda tena. Mara moja niliona uso wake, ambao hausogei, ukabadilika kama maji ya mtungi yanavyobadilika mtu akipita karibu. Kishikwambi kikalia mlio mdogo, Gozbert akatabasamu.

Methusela hakuweza kujizuia. "Mke wangu, ni kitu gani? Ni mimi?"

"Usijisifu," kishikwambi kikasema.

Tulicheka mpaka Zita akaamka. Methusela alicheka kuliko wote, na nilipomtazama vizuri niliona analia pia. Mradi ulituachia mashine kwa masharti mengi, na watu wa Nemba wakajifunza kuja kwa miguu tena. Leonsia aliendelea kufua. Siku moja Scola alimweleza kwamba mstari uligeuka siku ile kwa sababu ya harufu ya maziwa aliyokuwa na hamu nayo na hawezi kumeza. Leonsia hakuleta tena maziwa. Akaleta maua ya mbuni, ule mti wa kahawa, yakiwa yamechanua, akayaweka karibu na pua yake.

Zita sasa yuko darasa la kwanza. Anaandika jina lake lote, mpaka la mwisho.

Happyness hakuja kwa msimu mzima na zaidi. Alikuwa ananipigia mimi, anauliza habari za mvua, habari za mbuzi, anazunguka, hafiki. Sikumsukuma. Kisha asubuhi moja, wakati namlisha Scola uji kwa mpira wake wa kulishia, akasema, "Mama, wifi hapiti tena huku?" Nikasema ataambiwa.

Alikuja bila mizigo. Hakuleta gauni, wala sabuni, mikono mitupu, na nadhani alikuwa amefikiria sana jambo hilo ndani ya basi. Alinisalimia uani, akamkumbatia Zita, kisha akavua ndala akazishika mkononi, akaenda hadi kwenye pazia la chumba.

"Hodi, wifi."

Nilikuwa nyuma yake, na kinywa changu kilishafunguka kusema karibu, maana ni nyumba yangu na huyo ni mwanangu, na nimewaitikia watu humu maisha yangu yote. Nikakifunga. Zita akaniangalia, nikamwekea kidole midomoni.

Ndani kulikuwa kimya. Happyness hakusogea. Hakuliinua pazia hata kidogo kuchungulia.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema.

"Nangoja, wifi," akasema. "Nangoja."

Akateremka taratibu ukutani ili akae chini. Nikaenda jikoni nikamletea kigoda.